Maasi ya Vijana Katika Nchi Yenye Kura: Habari za Kisiwa cha Sri Lanka

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanajumuiya katika kikao cha jioni cha sherehe za ukumbusho)



Kamati ya sherehe ilinitaka nizungumze juu ya siasa na damu. Yaani ni kwa nini katika nchi ambazo raia hupiga kura na kuwachagua wakubwa wao, bado hutokea watu wakashika silaha ili waipindue serikali. Jambo hili ni pana kama bahari, na mwenye kutaka kulivuka lote kwa usiku mmoja atazama. Kwa hiyo nimechagua kisiwa kimoja, nami nitakaa hapo hapo mpaka mwisho wa maneno yangu.

Kisiwa chenyewe ni Sri Lanka. Mabaharia wa Kiarabu walikijua zamani kwa jina la Sarandib. Waingereza wakakiita Ceylon. Na jina hili la sasa likathibitishwa kwa katiba ya mwaka 1972. Nimekichagua kwa kuwa hakuna awezaye kusema kwamba watu wake walikuwa wageni wa kura. Waume kwa wake walipata haki ya kupiga kura katika mwaka 1931, wakati ambapo wanawake wa Ufaransa walikuwa hawajaipata, wala hawakuipata mpaka mwaka 1944. Kisiwa kilipata uhuru tarehe 4 Februari, 1948, pasipo vita. Baada ya hapo serikali zikawa zikiondolewa na kuingizwa kwa karatasi za kura: mwaka 1956, mwaka 1960, mwaka 1965 na mwaka 1970. Bibi Sirimavo Bandaranaike alipokuwa Waziri Mkuu katika mwaka 1960, alikuwa mwanamke wa kwanza duniani kukikalia kiti hicho. Na katika nchi kama hii vijana waliinuka mara mbili kwa silaha, mwaka 1971 na tena kuanzia mwaka 1987, na mara zote mbili wakashindwa; kisha chama kile kile kikaingia ikulu kwa kura katika mwaka 2024. Nataka tutazame ni nini kilichowapeleka msituni, na ni kitu gani kilichowarudisha.

Tuanze na shule. Tangu mwaka 1945 elimu katika kisiwa kile ilikuwa ya bure, kutoka darasa la chini hata chuo kikuu. Ni jambo la kusifiwa, na nchi nyingi zenye mali zaidi hazikulifanya. Mtoto wa mkulima wa mpunga aliweza kusoma kwa lugha ya mama yake, Kisinhala au Kitamili, akafika mbali. Walakini alipomaliza masomo alikuta mlango umefungwa. Kazi nzuri za serikali na za makampuni zilikuwa za wachache, na aghalabu zilikwenda kwa wale waliojua Kiingereza, watoto wa mji wa Colombo na wa nyumba kubwa. Wanafunzi wa vyuo walikipa Kiingereza jina la dhihaka, wakakiita kaduwa, na maana yake kwa Kisinhala ni upanga. Walitaka kusema kwamba ndicho chombo ambacho mwenye nacho humkata nacho asiye nacho. Na hata kazi ndogo, ya ukarani au ya ualimu, aghalabu haikupatikana bila ya kikaratasi cha mbunge. Kijana alikuwa na shahada yake mkononi, lakini hakumjua mbunge wala mbunge hakumjua yeye.

Nawaomba wazazi waliomo humu wasilipite jambo hili haraka. Wengi hudhani kwamba mwasi ni mtu mjinga asiyesoma, na kwamba tukijenga shule tumemaliza kazi. Huko mambo yalikuwa kinyume. Baada ya maasi ya 1971 wataalamu walichungua habari za vijana wapatao 10,000 waliokamatwa au waliojisalimisha, wakakuta kwamba wengi ni watoto wa vijijini waliosoma shule za vijijini, tena si haba katika kusoma kwao. Shule iliwafundisha kutumaini, na nchi haikuwa na mahali pa kuyaweka matumaini hayo.

Kiongozi wao alikuwa Rohana Wijeweera, aliyezaliwa mwaka 1943 upande wa kusini wa kisiwa. Hapa sisi wa nchi hizi jirani tuna jina la kulisikia. Katika mwaka 1960 alikwenda Moscow kusomea udaktari, katika chuo ambacho mwaka uliofuata kilipewa jina la Patrice Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Congo, aliyeuawa mwezi wa Januari mwaka huo wa 1961. Wakati ule Warusi na Wachina walikuwa wamehitilafiana juu ya njia ya mapinduzi, naye Wijeweera akaelekea upande wa Wachina. Aliporudi kwao mwaka 1964, Warusi hawakumpa tena ruhusa ya kuingia nchini mwao. Udaktari ukaishia hapo. Mwaka 1965 yeye na wenziwe wachache wakaanzisha chama kilichokuja kujulikana kwa herufi tatu, JVP, ambazo maana yake ni Chama cha Ukombozi cha Wananchi.

Njia yao ya kuvuta watu ilikuwa darasa. Walikuwa na masomo matano, nayo yakatolewa usiku usiku katika nyumba za marafiki, katika vyuo na mashambani: juu ya dhiki ya uchumi, juu ya uhuru ambao wao waliuona si uhuru, juu ya makosa ya vyama vya zamani vya mrengo wa kushoto, na juu ya njia ya kuchukua dola. Somo moja lilionya juu ya tamaa ya India kukimeza kisiwa, na ubaya wa somo hilo ni kwamba chuki yake iliwaangukia vibarua wa Kitamili wa mashamba ya chai, watu maskini kuliko hao waliokuwa wakifundishwa kuwachukia. Siku zote huwa nalitazama jambo hili kwa makini katika kila chama kinachosema chawatetea wanyonge: ni wanyonge gani kimewaacha nje?

Katika uchaguzi wa mwezi wa Mei, 1970, vijana hawa hawakususia kura. Walizunguka vijijini wakawaombea kura muungano wa Bibi Bandaranaike, nao muungano ukapata viti 116 katika viti 151. Walitaraji mageuzi ya upesi. Mwaka haukutimia, wakakata tamaa, au tuseme walikuwa wamekwisha kujiandaa kukata tamaa, maana silaha zilikuwa zikikusanywa tangu mbele. Mwezi wa Machi, 1971, Wijeweera alikuwa kizuizini Jaffna, kaskazini kabisa ya nchi, na serikali ikatangaza hali ya hatari.

Usiku wa tarehe 5 Aprili, 1971, ndio uliopangwa. Vituo vya polisi vya nchi nzima vilikuwa vishambuliwe kwa pamoja. Lakini kundi la Wellawaya lilikosea saa, likashambulia alfajiri badala ya usiku, na serikali ikapata mchana mzima wa kujihadhari. Hata hivyo vituo yapata 90 vilishambuliwa, kwa bunduki za marisau za kuwindia na mabomu yaliyotengenezwa kwa mikono. Sehemu za kusini na za kati zikawa mikononi mwa vijana kwa siku kadhaa. Wenyeji wakawaita watu wa Che Guevara, kwa sababu ya mavazi yao na maneno yao.

Jeshi la kisiwa lilikuwa dogo, nayo serikali ikaomba msaada. Ni jambo la kuchekesha kama si la kusikitisha: India na Pakistani, ambazo kabla ya mwaka ule kwisha zilipigana vita zenyewe kwa zenyewe, zote mbili zilipeleka helikopta, na Marekani, Uingereza na Urusi nazo zikasaidia. China, ambayo vijana walidhani ndiyo baba wa njia yao, ilimwandikia Bibi Bandaranaike barua ya kumuunga mkono, ikampa na mkopo. Vijana wale hawakupata rafiki hata mmoja mwenye nguvu. Serikali ilisema waliokufa ni yapata 1,200. Wengine hukadiria maelfu kadhaa. Wengi hawakufa katika mapigano. Walichukuliwa majumbani, wakapigwa risasi. Huko Kataragama askari walimvua nguo msichana mmoja, wakamtembeza barabarani, kisha wakamwua. Kwa ajili yake askari wawili walihukumiwa mahakamani, na yafaa tulitaje jambo hili kwa haki, kwani katika yale yaliyokuja baadaye mahakama hazikuonekana sana.

Sasa nafika mahali ambapo, kwa maoni yangu, pana uzito kuliko pote katika habari hizi, napo ni ile miaka ya katikati.

Wijeweera alihukumiwa mwaka 1974 na baraza la hukumu lililoundwa kwa sheria maalumu. Mwaka 1977 serikali ya Bibi Bandaranaike ilishindwa katika uchaguzi, na serikali mpya ya Bwana J. R. Jayewardene ikaifuta sheria ile, ikawafungua wafungwa. Watu hawa wakatoka gerezani wakafanya siasa mchana kweupe. Katika mwezi wa Oktoba, 1982, Wijeweera aligombea urais. Alikuwa wa tatu, kwa kura 273,428, kiasi cha kura 4 katika kila 100. Ni kura chache, lakini ni kura. Mwasi wa 1971 alikuwa amesimama jukwaani akiomba karatasi badala ya kushika bunduki. Yawezekana angalibaki hapo.

Lakini tazameni yaliyofuata. Mwezi wa Desemba mwaka ule ule serikali iliwauliza wananchi swali moja tu: je, Bunge lililochaguliwa mwaka 1977 liendelee miaka sita zaidi bila ya uchaguzi? Kura ikapigwa, tena katika hali ya hatari, na serikali ikatangaza kuwa imeshinda. Basi hesabuni wenyewe. Kijana aliyetimiza miaka 18 baada ya mwezi wa Julai, 1977, hakupata kuchagua mbunge mpaka mwezi wa Februari, 1989, isipokuwa katika majimbo machache yaliyofanyiwa uchaguzi mdogo. Hiyo ni zaidi ya miaka 11. Nchi iliitwa ya kura, na kura yenyewe ilikuwa imefungiwa sandukuni.

Kisha mwezi wa Julai, 1983, askari 13 waliuawa na wapiganaji wa Kitamili huko Jaffna, na magenge ya Wasinhala yakawaingilia Watamili wa Colombo na miji mingine, wakachomewa nyumba na maduka, wakauawa. Serikali ilipotafuta wa kulaumiwa ikavipiga marufuku vyama vitatu vya mrengo wa kushoto, JVP kimojawapo. Vyama viwili viliruhusiwa tena baada ya muda. JVP hakikuruhusiwa mpaka mwaka 1988, na wakati huo damu ilikwisha kumwagika. Mimi sisemi kwamba watu hawa walikuwa malaika waliosukumwa. Mtu mwenye kushika bunduki huishika kwa mkono wake mwenyewe. Nasema kwamba mlango wa mbele ulifungwa na mwenye nyumba, na waliokuwa nje walikuwa watu ambao tayari wanaijua njia ya dirishani.

Tarehe 29 Julai, 1987, serikali ya Sri Lanka iliandikiana mkataba na India, na majeshi ya India yakaingia upande wa kaskazini na mashariki. Hapo lile somo la zamani juu ya India likapata moto mpya. Mwezi wa Agosti mabomu ya kutupwa kwa mkono yalirushwa katika chumba cha Bunge ambamo Rais na Waziri Mkuu walikuwamo. Wao wakaokoka, wengine wakafa. Mwezi wa Februari, 1988, aliuawa Vijaya Kumaratunga, mcheza sinema aliyependwa sana, kiongozi wa chama cha mrengo wa kushoto aliyeunga mkono mapatano na Watamili. Mwaka 1989 aliuawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Colombo. Waliuawa pia viongozi wa vyama vya wafanyakazi, na watu wa vijijini waliothubutu kwenda kupiga kura. Katika uchaguzi wa Rais wa Desemba, 1988, kiasi cha 55 tu katika 100 ndio waliopiga kura, katika nchi iliyozoea kuona watu 80 katika 100 wakijitokeza.

Wakati ule upande wa kusini ulitawaliwa na vikaratasi. Kikaratasi kilibandikwa usiku: kesho maduka yafungwe, kesho mabasi yasitembee, kesho taa zizimwe. Hakikuwa na sahihi ya mtu, lakini aliyekiasi alikufa. Na maiti ya aliyeuawa kwa amri yao haikuruhusiwa kuzikwa kwa heshima: iliamriwa kwamba jeneza lisiinuliwe juu ya magoti ya wachukuzi. Ninyi ambao mmelichukua jeneza mabegani, mkapokezana mkikimbilia thawabu, pimeni maana ya amri ile. Watu waliosema kwamba wanawakomboa wananchi walifika hata kuwapangia wananchi urefu wa kuwainulia wafu wao.

Katika mwaka 1989 wakafanya jambo lililowaangamiza. Waliwaamuru askari waliache jeshi, na wakatishia kwamba asiyetii jamaa zake watauawa. Askari wengi walikuwa watoto wa vijiji vile vile, wa dini ile ile na lugha ile ile. Mpaka hapo baadhi yao walikuwa wakisitasita. Baada ya tishio lile hawakusita tena. Makundi ya wauaji yasiyovaa sare yalitoka usiku katika magari yasiyo na nambari. Asubuhi watu wakakuta maiti zinaungua juu ya mipira ya magari kando ya njia, na nyingine zikielea mitoni. Huko Embilipitiya wanafunzi wa shule ya sekondari walichukuliwa wasirudi. Na ilipokuja kesi yao baada ya miaka mingi, mkuu wa shule ile alikuwa mmoja wa waliotiwa hatiani, pamoja na askari. Mwezi wa Februari, 1990, Richard de Zoysa, mwandishi wa habari aliyejulikana sana, alichukuliwa nyumbani kwa mama yake, na maiti yake ikaokotwa pwani.

Wijeweera alikamatwa tarehe 12 Novemba, 1989, katika nyumba moja ya vilima vya chai ambako aliishi kwa jina la uongo, akauawa usiku wa kuamkia tarehe 13. Karibu viongozi wote wa juu waliuawa siku zile zile. Wa pekee katika wakubwa aliyeokoka alikuwa Somawansa Amarasinghe, aliyetoroka nje ya nchi. Idadi ya waliokufa katika miaka ile hutajwa kwa hesabu mbalimbali, kutoka 30,000 hata 60,000. Serikali iliyoingia mwaka 1994 iliunda tume za kuchunguza watu waliopotea. Tume zile zilichungua malalamiko zaidi ya 27,000, zikathibitisha kwamba zaidi ya watu 16,000 walichukuliwa na kupotezwa. Hao ni wale ambao jamaa zao walipata ujasiri wa kwenda kulalamika.

Hata serikali yenyewe ilijua chanzo. Tume ya Rais juu ya vijana, iliyotoa taarifa yake mwaka 1990 wakati moshi ulikuwa haujatawanyika, ilitaja yale yale: kazi kugawiwa kwa upendeleo wa chama, Kiingereza kuwa ukuta, vijana kuona kwamba hakuna haki. Karibu miaka 20 ilikuwa imepita tangu 1971, na orodha ya malalamiko ilikuwa karibu ni ile ile.

Mtaniuliza, na Waislamu wa kisiwa kile je? Ni karibu moja ya kumi ya watu wote, wengi wao wakisema Kitamili. Mateso yao makubwa yalitoka katika vita vingine, vile vya kaskazini na mashariki, ambavyo vilikuwa na harakati yake yenyewe, ile ya Chui wa Kitamili, nayo ilijiita ya ukombozi. Tarehe 3 Agosti, 1990, wapiganaji waliwaingilia watu katika misikiti ya Kattankudy wakiwa katika sala ya usiku, wakaua zaidi ya 100. Mwezi wa Oktoba mwaka ule Waislamu wote wa kaskazini, maelfu kwa makumi, waliamriwa watoke. Wale wa mji wa Jaffna walipewa muda wa saa chache tu. Hayo wengi wetu twapenda kuyasimulia. Lakini mwenye kusimulia hayo lazima asimulie na ya tarehe 21 Aprili, 2019, siku ya Pasaka, ambapo vijana wachache waliojinasibisha na dini yetu, baadhi yao wenye elimu na mali, walijilipua katika makanisa na mahoteli, wakaua watu zaidi ya 250. Kundi lile halikutoka mbali. Kiongozi wake alikuwa mtu wa Kattankudy hiyo hiyo. Waislamu wa huko walikuwa wamekwisha kuwaonya wakubwa juu yake, na onyo halikusikilizwa.

Nirudi kwa JVP. Waliobaki walikusanyika taratibu. Mwaka 1994 waliingia uchaguzini kwa kujificha nyuma ya jina la chama kingine, wakapata kiti kimoja. Mwaka 2000 wakapata viti 10, mwaka 2001 viti 16, na mwaka 2004, wakiwa katika muungano, viti 39. Miongoni mwa mawaziri wao wa mwaka ule alikuwapo Anura Kumara Dissanayake, mtoto wa mfanyakazi mdogo wa idara ya upimaji wa ardhi, aliyeingia chamani akiwa mwanafunzi katika miaka ile ya moto. Akawa kiongozi wa chama mwaka 2014, na mwaka huo huo, alipoulizwa na BBC, aliomba radhi kwa mauaji yaliyofanywa na chama chake. Kuna waliosema kuwa radhi ile ilikuwa nyepesi. Lakini ni vyama vingapi vya namna ile vimepata kuomba hata hiyo nyepesi?

Tena kura hazikuja upesi. Mwaka 2019 aligombea urais akapata kiasi cha 3 tu katika 100, chini ya zile za Wijeweera mwaka 1982. Katika uchaguzi wa Bunge wa mwaka 2020 walipata viti 3. Na hapa nataka kumjibu mtu ambaye najua yumo humu ukumbini, kwani hayuko mkutano asiohudhuria, asemaye kwamba bila ya bunduki wanyonge hawasikiwi. Hebu na atazame hesabu hii. Miaka 30 baada ya bunduki kunyamaza, wazee wa vijijini bado walikuwa wakikumbuka vile vikaratasi, na hawakumpa kura kijana aliyetoka katika nyumba ile, hata akisema maneno mazuri namna gani. Bunduki haikuwafungulia njia. Ilikuwa ni deni walilolilipa kidogo kidogo, uchaguzi baada ya uchaguzi.

Kilichoigeuza nchi ni njaa na aibu. Katika mwaka 2022 hazina ya fedha za kigeni iliisha. Nchi ikatangaza kwamba haiwezi kulipa madeni yake ya nje, jambo ambalo halikupata kutokea tangu uhuru. Watu walisimama kwenye foleni za mafuta na gesi kwa siku nzima. Wakakusanyika Colombo mbele ya ofisi ya Rais, wakapiga kambi, Wasinhala, Watamili na Waislamu pamoja. Wakati wa Ramadhani watu wa dini nyingine walikaa na wafungaji wakafuturu pamoja nao uwanjani. Sitasema kwamba hapakuwa na damu, kwani mwezi wa Mei, baada ya wafuasi wa serikali kuwavamia waliokuwa kambini, kulikuwa na kuchomeana nyumba, na mbunge mmoja aliuawa. Lakini tarehe 9 Julai makundi ya watu yaliingia ikulu, na siku chache baadaye Rais Gotabaya Rajapaksa alikimbia nchi akajiuzulu. Vijana wa 1971 na wa 1989, kwa silaha zao zote, hawakupata kumkimbiza rais hata mmoja.

Mwezi wa Septemba, 2024, Dissanayake alichaguliwa kuwa Rais. Katika hesabu ya kwanza alipata kura 42 katika kila 100, ikabidi zihesabiwe kura za chaguo la pili, jambo lisilopata kufanyika huko kabla ya hapo. Mwezi wa Novemba muungano wake ukapata viti 159 katika viti 225 vya Bunge, na hata wilaya ya Jaffna ya Watamili, mji ule ambako Wijeweera alifungwa mwaka 1971, iliwapa kura nyingi kuliko chama kingine chochote.

Na mambo ya zamani hayajalala. Katika siku za 1988 hata 1990 palikuwa na nyumba za serikali mahali paitwapo Batalanda, ambamo watu walifungwa na kuteswa kinyume cha sheria. Tume iliundwa mwaka 1995 kuzichungua, ikaandika taarifa yake, nayo taarifa ikakaa kabatini miaka mingi. Tarehe 14 Machi, 2025, iliwekwa mbele ya Bunge, na walioiweka ni watu wa chama ambacho wafuasi wake ndio walioteswa humo. Taarifa ile ilikusudiwa kuchungua mikono ya serikali. Wako pia wajane na mayatima wa upande wa pili, wa wale ambao majeneza yao yalibebwa chini ya magoti, nao waliitazama siku ile kama wenzao walivyoitazama.

Bwana Mwenyekiti, saa yangu imekwisha, na naona Sheikh anatazama mlango wa msikiti. Vijana wenye maswali watanikuta barazani baada ya Isha. Wassalaam alaykum wa rahmatullahi wa barakatuh.